Breki Kabla ya Injini: Maneno Machache Juu ya Land Rover ya Shule Yetu

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mwenzetu, mtumishi wa serikali, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika katika bwalo la shule. Tumeichapa kama ilivyosomwa; vichwa vidogo tumeviweka sisi.)



Nimeombwa na Kamati nizungumze juu ya ile Land Rover iliyoegeshwa nyuma ya karakana ya useremala, ambayo siku hizi kuku wa mlinzi hutaga mayai ndani yake. Mtakumbuka kwamba katika mkutano uliopita yalitolewa maoni mawili. Wako waliosema iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ili eneo lisafishwe. Wako waliosema tuchange fedha, tuifunge injini kubwa ya Kijapani, tuipake rangi, na iongoze maandamano katika sherehe za shule zijazo. Kila upande ulipigiwa makofi. Ndipo Kamati ikanituma mimi na wenzangu wawili tukaikague na kuleta taarifa.

Mimi, ndugu zangu, si fundi wa kuajiriwa. Kazi yangu ni ya ofisini, na kwa miaka mingi imehusika na usafiri wa watumishi. Lakini Jumamosi zangu nyingi nimezitumia chini ya magari kuukuu, na Land Rover ninayotembelea mimi mwenyewe niliipata ikiwa haina magurudumu. Kwa hiyo nitakayoyasema ni mambo niliyoyashika kwa mikono.

Nitasema shauri langu mapema, ili atakayesinzia baadaye awe amekwisha kulisikia. Nasema gari hili lisiuzwe, lifufuliwe. Lakini lifufuliwe kwa utaratibu, na katika utaratibu huo breki zitangulie injini.

KWA NINI TUHANGAIKE NA GARI KUUKUU

Huko Uingereza kufufua magari ya zamani ni shughuli ya watu wengi. Wengine wameshika magari madogo ya michezo, yale ya viti viwili yasiyo na paa. Mfano ni MGB, lililotengenezwa katika mji wa Abingdon tangu 1962 hadi 1980, na idadi yake ikapita 500,000. Magari hayo yalikuwa mepesi na yenye kupendeza, lakini bodi zake zililiwa sana na kutu. Mwaka 1988, miaka 8 baada ya kiwanda kuacha kuyatengeneza, Waingereza walianza tena kukanyaga bodi mpya za MGB kwa mashine zile zile za zamani, ili wenye magari wapate kuyajenga upya. Na wanapoyajenga hawayarudishi yote kama yalivyokuwa. Huyaongezea mfumo wa kuwasha wa kielektroniki, taa zenye mwanga zaidi, mikanda ya usalama na breki bora.

Sisi wa Mbulu na Hanang hatukuletewa magari ya michezo. Gari la viti viwili, ambalo tumbo lake limeinuka shubiri moja tu kutoka ardhini, lingefanya nini kwenye matope ya Dongobesh mwezi wa Aprili? Gari la Kiingereza lililotufikia sisi ni Land Rover. Ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma cha pua na cha mabati kiligawiwa kwa kipimo huko Uingereza, kwa hiyo Kampuni ya Rover ilitumia alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Ndiyo sababu mpaka leo mnaziona Land Rover za tangu kabla ya Uhuru ambazo bodi zake zimebonyea kila mahali lakini hazikutoboka. Toleo la pili lilianza 1958, la tatu likafuata 1971 na kuendelea hadi 1985. Jina la Defender lilianza kutumika 1990, na la mwisho la ukoo ule wa kale lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Kwa ujumla yalitengenezwa zaidi ya milioni 2. Hata jirani zetu wa Kenya walikuwa wakiyaunganisha katika kiwanda cha Leyland kule Thika.

Katika wilaya zetu Land Rover ilikuwa gari la mganga, la bwana shamba, la padri na mchungaji, na la mkuu wa wilaya. Ilibeba chanjo na vitabu, na wakati wa uchaguzi ilibeba masanduku ya kura. Ilionekana katika mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, Setchet na Mulbadaw, yale yaliyolimwa na NAFCO kwa msaada wa Kanada. Mashamba ambayo ndugu zetu Wabarabaig wanayakumbuka pia kwa malisho waliyoyapoteza. Sisi wa hapa shuleni tunaikumbuka kwa jambo moja kubwa: usiku mwanafunzi akizidiwa na malaria, mlio uliosikika ukipanda kutoka nyumba za walimu ulikuwa wa gari hili.

Wala msidhani kwamba sisi peke yetu tunazithamini. Mwezi Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kutoka kila upande, shabaha ikiwa kuupita msafara wa magari 632 uliofanyika Ujerumani mwaka 2018. Nilikuwako. Niliona magari yenye umri wa kuwazidi madereva wake yakipita kwa nguvu zake yenyewe. Basi anayesema gari la namna hii limekwisha kazi, namwomba asubiri kidogo.

HALI TULIYOIKUTA

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuliinama. Tulitandika magunia, tukaingia chini ya gari na nyundo ndogo, tukaigonga fremu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilicholiwa hutoa sauti nzito ya kopo lenye mchanga. Fremu ya Land Rover ni ya chuma, umbo lake ni kama sanduku refu, na huoza kutokea ndani, kwa sababu tope huingia kwenye matundu likakaa humo. Magari yaliyofanya kazi kandokando ya Ziwa Balangida, kwenye tope la magadi na chumvi, huharibika haraka zaidi.

Taarifa yetu ni hii. Gari ni toleo la tatu, lile refu tunaloliita 109, maana kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Nguzo kuu mbili za fremu ni nzima. Boriti ya nyuma kabisa imeoza, na mkono mmoja unaoshika bodi upande wa kulia umekatika. Alumini imeliwa pale tu inapogusana na chuma, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana na maji katikati, alumini ndiyo huliwa. Springi pati zimeshikana kwa kutu na bushi zake zimekwisha. Giaboksi ina mafuta yaliyogeuka rangi ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia. Nyaya za umeme zimekula panya.

Hapo mmecheka, na mna haki. Nilitaka kusema zimeliwa na panya.

Breki hazipo kabisa. Silinda zote za magurudumu zimeganda, na mabomba yake ya chuma yanavunjika kwa vidole. Gari hili, kama mengi ya zamani, lina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Maana yake ni kwamba bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja.

Na injini, ambayo kila mtu alituambia imekufa? Ni ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Tulifungua plagi zote nne, tukamimina mafuta kidogo katika kila tundu, tukaiacha siku mbili. Siku ya tatu tuliingiza hendeli kwa mbele na kuisukuma taratibu, bila kulazimisha. Ilizunguka. Tulipoziba matundu ya plagi kwa kidole, kila silinda ilisukuma pumzi. Sisemi ni nzima. Ringi na valvu zinahitaji kutazamwa. Nasema haijafa. Kitu ambacho wote tulidhani kimekufa ndicho kilichokuwa na nafuu, na kile ambacho hakuna aliyekitaja, yaani breki, ndicho kilichokufa.

SOMO LA MASHINDANO YA SAFARI

Wengi wenu mnayajua Mashindano ya Magari ya Safari, yaliyoanza 1953 na kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa mashindano ya kuua magari. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na mwaka 1968 yakawa 7 tena. Magari ya Kiingereza yalishinda mara kadhaa: Ford Cortina GT mwaka 1964, na Ford Escort mwaka 1972 na tena 1977.

Watu walipoyaona yakipita kama radi, walidhani siri yake ni injini. Injini zilikuwa na nguvu, ndiyo. Lakini mafundi walijua kwamba nguvu peke yake ingelivunja gari kabla ya jua kuzama. Waliongeza vyuma katika bodi ili isipasuke, wakaweka sahani za kukinga chini, wakaimarisha springi na shokapu, na wakahakikisha breki zinaweza kuushika mwendo. Na kazi hiyo ikifanyika vizuri hudumu. Tangu 2003 kuna mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na mwaka 2007 aliyeshinda alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, akiendesha Escort, aina ile ile aliyoshinda nayo mwaka 1977, miaka 30 nyuma.

Hilo ndilo somo. Anayeanza na injini amelianza jambo kwa kichwa chini.

HATARI YA INJINI KUBWA

Sasa nawageukia ndugu zangu mliotaka injini ya Kijapani. Nia yenu ni njema. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi nataka tukione kidonda kabla hatujakinunua.

Nimewahi kuliona gari la taasisi moja, sitaitaja, lililotengenezwa hivyo. Injini ilikuwa ya nguvu karibu maradufu ya ile ya awali. Fremu, breki na usukani vilibaki vya zamani. Kwa wiki chache lilisifiwa kila mahali, likipanda mlima kwa gia ya tatu. Kisha likashindwa kushuka. Lilikutwa limelala ubavu kwenye kona, na ni kwa rehema za Mungu tu kwamba siku hiyo lilikuwa limebeba mahindi na si watu. Dereva alinyoosha mikono akasema, "Nilikanyaga, pedali ikaenda mpaka chini."

Tuangalie sababu zake. Breki ya Land Rover ya zamani ni ya dramu. Ukiteremka Magara au Dareda huku umekanyaga breki muda wote, dramu hupata moto, hutanuka, na lainingi hupoteza mshiko. Moto huo husafiri mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki mpaka yafikie nyuzi zisizopungua 230 za sentigredi. Lakini mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya maji, kiwango chake cha kuchemka chaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama sponji. Ndipo pedali huenda mpaka chini. Kwa injini dogo la zamani hatari hii ilikuwa ndogo, kwa sababu gari lilikuwa halina haraka ya kufika popote. Dereva aliingia gia ndogo juu ya mlima, akaiachia injini imshikilie mpaka bondeni.

Aidha, giaboksi na ekseli zilichongwa kwa kipimo cha injini ile. Injini ya dizeli ya Land Rover yenyewe ya baadaye, ile ya lita 2.5 yenye tabo iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1980, ina nguvu ya kuzungusha karibu mara moja na nusu ya injini yetu. Hata hiyo, ambayo ni ya ukoo mmoja, huitesa giaboksi ya toleo la tatu mikononi mwa dereva mwenye papara. Basi injini ya lori itaifanyaje?

Hata hivyo nisiwe mtu wa upande mmoja. Hoja yenu juu ya udhaifu wa injini ya petroli ni ya kweli. Kiwandani ilitoa nguvu za farasi 70 hivi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. Hapa kwetu, kwenye mita 1,700 hivi, tunabaki na farasi chini ya 60 kwa gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja na nusu likiwa tupu. Tena inakunywa: lita moja ya petroli huipeleka kilomita 5 au 6, na kwenye matope pungufu ya hapo. Kama shule italitumia gari kila siku, dizeli ndiyo itakayoweza kulipika. Sikatai. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo uje mwisho, baada ya gari kuweza kusimama.

UTARATIBU TUNAOUPENDEKEZA

Ndugu Mwenyekiti, Kamati yetu ndogo inapendekeza kazi igawanywe katika hatua nne, na fedha ya hatua inayofuata isitolewe mpaka iliyotangulia imekaguliwa.

Hatua ya kwanza ni fremu. Bodi ivuliwe, inafungwa kwa bolti, na vijana kumi wenye spana na subira wanaweza. Boriti ya nyuma ikatwe ichomelewe mpya, na ndani ya fremu yote ipulizwe nta au mafuta mazito ya kuzuia kutu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika fremu ukuta huo ni ghali.

Hatua ya pili ni breki, usukani na springi. Hapa ndipo nataka tuboreshe, tusirudishe tu yaliyokuwepo. Iwekwe silinda kubwa yenye njia mbili, moja kwa magurudumu ya mbele na nyingine kwa ya nyuma, ili moja ikipasuka nyingine ibaki. Iongezwe boosta ya kupunguza nguvu za mguu. Mabomba yote yawe mapya. Kama fedha itaruhusu, magurudumu ya mbele yapewe breki za disiki, ambazo hupoa haraka kuliko dramu. Na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, iandikwe kwenye kitabu cha gari.

Hatua ya tatu ni umeme na usalama wa abiria. Nyaya zote mpya, zenye fyuzi za kutosha. Viti vya nyuma vya zamani, vile vya kukaa ubavuni bila kushika kitu, viondolewe; viwekwe viti vinavyotazama mbele vyenye mikanda. Sisi tulibebwa humo kama magunia na tukafika salama, lakini hiyo si hoja ya kuwabeba hivyo watoto wa wenzetu.

Hatua ya nne ndiyo injini. Kwanza tuitengeneze hii iliyopo: ringi, beringi, gasketi, kabureta isafishwe na kupunguziwa petroli ili ilingane na hewa ya huku juu. Tena kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Zamani petroli ilikuwa na madini ya risasi, ambayo yalisaidia kuzilinda siti za valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya namna hiyo tangu mwanzo wa 2006, na hilo ni jema kwa afya za watoto wetu. Lakini kichwa cha injini ya kale kikifunguliwa, ni vyema siti za valvu za moshi ziwe za chuma kigumu kinachohimili petroli ya leo. Gari lifanye kazi mwaka mmoja, tuandike kila lita na kila kilomita, kisha mkutano uamue kwa hesabu kama tubadilishe kuwa dizeli.

Na kanuni moja iongoze hatua zote nne: tusikate wala kutoboa kitu ambacho mwingine hataweza kukirudisha. Bodi tusiinyooshe ikang'aa kama sahani ya sherehe. Ule mbonyeo wa mlango wa kushoto kila mwanafunzi wa miaka yetu anaujua ulivyopatikana, na mimi naomba ubaki.

MALI YA UMMA NA MIKONO YA VIJANA

Nikiwa mtumishi wa serikali, siwezi kuketi kabla ya kusema neno juu ya karatasi. Gari hili si letu. Ni mali ya shule, na shule ni ya umma. Halikuweza kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma kwa kura ya mkutano huu, na halikadhalika haliwezi kutengenezwa kwa makubaliano ya mdomo. Bodi ya Shule na Halmashauri zipelekewe barua, majibu yaje kwa maandishi. Injini ikibadilishwa siku moja, namba yake iingizwe kwenye kadi ya gari kupitia Mamlaka ya Mapato, na gari likaguliwe kabla ya kubeba mtu. Michango iwe na stakabadhi, na spea zilizotolewa zihifadhiwe kwa orodha. Mnajua wenyewe kwamba spea za Land Rover zina miguu.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kwangu. Tukimlipa fundi mmoja mjini, gari litarudi limetengenezwa, lakini shule haitakuwa imejifunza kitu. Napendekeza fundi aje hapa, wakati wa likizo, na wanafunzi kumi wa kidato cha tatu wafanye naye kazi. Tuzungumze na chuo cha VETA kilichoko Babati, watupatie mwalimu wa kuwasimamia. Katika fizikia vijana wanafundishwa msuguano, joto na mgandamizo wa maji katika mabomba. Mfumo wa breki una hayo yote, na unayaonyesha kwa namna ambayo hakuna mwanafunzi atakayeisahau. Akiisha kuona kwa macho yake tone moja la mafuta likivuja na pedali ikazama, hatahitaji kukariri.

Magari haya yalitufikia yakiwa kamili, pamoja na vitabu vyake vya lugha ya kigeni, nasi tukawa watu wa kuyapanda na kuyasukuma. Waliojua kuyafungua walikuwa wachache, na wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki bila kumrithisha mtu. Mafundi wazee wa Katesh na Mbulu mjini waliobaki, wanaojua kutega valvu kwa sikio na kuchagua spana ya inchi gizani, naweza kuwahesabu kwa vidole. Chuma chaweza kungoja miaka mingine kumi nyuma ya karakana. Wazee hawa hawawezi. Kwa hiyo kama mkutano unanipa nafasi ya kuomba kitu kimoja tu, sitaomba rangi wala injini. Nitaomba wazee wawili kati yao waitwe hapa likizo ijayo, walipwe ujira wa heshima, na vijana wakae karibu yao.

Ndugu Mwenyekiti, taarifa kamili ya ukaguzi nimeikabidhi kwa Katibu pamoja na picha, na makisio ya mafundi watatu yataletwa kwenye Kamati kabla ya mwisho wa mwezi. Naomba mkutano upitishe hatua ya kwanza na ya pili peke yake kwa leo. Hizo nyingine mtaziuliza gari likishaweza kushuka Dareda na kusimama pale dereva anapotaka lisimame.